Fundi Akihesabu Hasalimiwi

Kwenye kile kilima cha warukaji palikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: fundi akiwa anakagua bawa, hasalimiwi. Si kwa kiburi. Bawa lenyewe ni kitambaa na mabomba ya alumini yaliyoshikwa na nati thelathini na mbili, na mtu huning'inia chini yake kwa mikanda, hewani, bila injini. Fundi huanzia ncha ya kushoto na kumalizia ya kulia, kila nati anaishika kwa vidole na kuihesabu. Ukimsalimu akaitika, basi anarudi nati ya kwanza. Wageni waliona huo ni utovu wa adabu. Wenyeji wa kilima waliona hakuna adabu iliyozidi hiyo.

Siku hiyo fundi, mwanamke wa makamo mwenye aproni yenye madoa ya grisi, alikuwa amechoka choka mbaya. Mama yake alipigwa na kiharusi miezi minne nyuma, na daktari alisema asilazwe upande mmoja zaidi ya saa mbili, vidonda vitamla. Mchana jirani alikaa naye. Baada ya hapo, mpaka kunakucha, ni fundi peke yake. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, ndiyo, tumbo moja, ziwa moja, lakini huyo alipanga chumba chake mwenyewe, na kila alipoombwa zamu alikuwa na udhuru uliokazwa vizuri kuliko nati yoyote.

Mdogo mtu huyo, ambaye kilimani walimwita Mwewe, ndiye aliyekuwa aruke asubuhi ile.

"Kumi na mbili," alinong'ona fundi. Macho yalikuwa mazito, akayaacha yafumbe. Nati hazihitaji macho.

"Shikamoo, dada."

Mwewe alisimama nyuma yake, helmeti kwapani. Huyohuyo aliyewahi kumfokea mgeni kwa kosa hilohilo! Lakini hakuwa ameonana na dada yake siku nne, na mwenye haya akikosa la kusema husalimia.

"Marahaba."

"Mama ameamkaje?"

Fundi alitaka kucheka, akakosa nguvu. Miezi minne hakuuliza, na leo alipouliza, kauliza sasa.

"Ameamka. Nenda kavae."

Akarudisha mkono kwenye bawa. Amefika wapi? Kumi na tatu? Sheria ilisema arudi moja. Ncha ya kushoto ilikuwa hatua sita tu kutoka pale, na miguu ikazikataa hatua hizo sita. Asubuhi hiyo alikwisha kurudi mwanzo mara mbili, moja kwa sababu ya mteja aliyeuliza choo kiko wapi. Akajiambia kwamba kumi na tatu ameshaigusa. Akaendelea na kumi na nne, mpaka thelathini na mbili, akalipiga bomba kofi kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Salama!"

Neno hilo ndilo lililokuwa saini yake. Miaka kumi na moja hakuwahi kulirudisha. Mwewe akajifunga mikanda, akalibeba bawa, akaanza kusogea kuelekea ukingoni, na wateja wakatoa simu zao wampige picha. Fundi alisimama akimtazama mgongo. Moyo ulimwambia hukuigusa, na sifa yake ikamwambia nyamaza, watu wanatazama. Aliogopa. Aliogopa kuaibika, kisha akamwona mdogo wake anainama kutafuta mbio, akaogopa zaidi. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Simama! Si salama! Nimekosea, simama!"

Mwewe alikwisha kupiga hatua ya kwanza. Akajizuia, bawa likamyumbisha, akapiga goti. Aligeuka na uso wa hasira.

"Dada, upepo huu haurudi tena leo!"

"Upepo na usirudi. Liweke bawa chini."

Nati ya kumi na tatu ilikuwa karibu na katikati, pale mabomba makubwa yanapokutana. Fundi aliishika kwa vidole viwili, ikazunguka kama kizibo cha chupa. Pini ya kuifunga haikuwepo. Mwewe aliiona ikizunguka, na hasira ikamtoka yote kwa pamoja.

"Nani kaiacha hivi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi angeweza kusema chochote, nani angebisha? Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, na vidole vikaikuta pini, baridi, imetulia kama mtu aliye kwake.

"Mimi. Jana jioni nilibadilisha bolti. Nati nikaiweka kwa vidole, nataka kuchukua spana, simu ikalia. Mama kaanguka kitandani. Nikaacha kila kitu, nikakimbia."

"Alikupigia jirani?"

"Mama mwenyewe. Jirani alikuwa ameshaondoka." Akaitoa pini mfukoni. "Alisema amekupigia wewe kwanza. Mara mbili."

Mwewe alitazama ukingo wa kilima, kisha nati.

"Niliona anapiga," akasema. "Nilidhani ni mambo ya zamu. Nikaigeuza simu kifudifudi."

Hata kukasirika kunataka nguvu. Fundi alichukua spana, akakaza nati, akapenyeza pini. Nyuma yake alisikia mikanda ikifunguliwa.

"Hugeuzwa saa ngapi?"

"Saa nne hii. Halafu saa sita. Jirani mgongo unamuuma, hawezi peke yake. Anzia begani, usimvute mkono. Na mto katikati ya magoti."

"Begani. Mto katikati ya magoti," alirudia Mwewe, kisha akateremka kilima mbio, helmeti bado kichwani.

Fundi akarudi ncha ya kushoto. Akashika nati ya kwanza, akasema moja, akashika ya pili, kisha akakaa kwenye kivuli cha bawa apumzike kidogo tu. Usingizi ukamchukua na spana mkononi. Wateja waliokuja kuuliza kama kuna kuruka walizuiwa na mrukaji mwingine, mtu mzima wa kilima, aliyeweka kidole mdomoni. Wakampita bila salamu, mmoja mmoja, kwa adabu kubwa.