Makofi Kabla ya Mwisho

Kikohozi ndicho kilichotangulia. Kilikuwa kikohozi kizito cha mtu mzima, kikafuatwa na viti viwili vitatu vilivyolia chini ya watu wasiotulia. Kwa mbali mtu akacheka, akanyamazishwa. Kisha ukumbi mzima ukatulia, na utulivu wa watu wengi si sawa na utulivu wa chumba kitupu. Una joto lake. Uzi mmoja wa udi ukadonolewa, ukaachwa utetemeke mpaka uishe wenyewe.

Kinyozi alijua ni nini kabla hajageuza shingo. Alikuwa ameinama kwenye droo akitafuta kitana, akabaki ameinama vilevile.

"Nani kagusa redio yangu?"

"Mimi," alijibu fundi mitambo kutoka kwenye kiti cha kunyolea. Alikuwa amekwisha kujifunga kitambaa shingoni mwenyewe, kama mtu aliye kwake. "Nimekuletea zawadi. Lile tamasha la Jumamosi. Nimelinasa lote, toka kikohozi mpaka ufagio wa kufagia ukumbi."

"Zima. Kichwa kinaniuma."

"Chako kitapoa. Changu ndicho kilichokuja kunyolewa, na kinataka muziki."

Kwenye benchi la wateja fundi viatu alicheka. Kibanda chake kilikuwa mlango wa pili, lakini siku nyingi ungemkuta hapa, kiatu cha mtu mkononi, akidai kwamba kwa kinyozi kuna mwanga mzuri zaidi. "Ongeza sauti, bwana," alisema. "Tumsikie Bwana Makofi."

Kinyozi akawasha mashine. Ilivuma kuliko siku zote, au yeye ndiye aliyetaka ivume.

Bwana Makofi alikuwa na umri usiotimia wiki moja, na tayari mtaa mzima ulikuwa ukimtaja. Sura yake tu ndiyo haikujulikana. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mama mpiga udi alikuwa na kundi lake dogo: yeye na udi, mtu wa fidla, mtu wa tari, na filimbi ya mti ambayo mpulizaji wake alikuwa mke wa kinyozi. Walipiga nyimbo za kawaida za watu, za mapenzi na safari na mavuno, ila walizishona kwa mtindo wa kale sana, wa enzi za wafalme waliovaa kola pana kama sinia, wakati watu wakicheza kwa kushikana ncha za vidole tu. Wimbo wa mwisho wa tamasha alikuwa ameutunga mke wa kinyozi mwenyewe. Katikati yake palikuwa na mahali ambapo vyombo vyote vilinyamaza ghafla. Hapo, katika michezo ya zamani, wachezaji walibaki wamesimama kwa mguu mmoja, wakitazamana, kabla ya kuumaliza mzunguko.

Mama mpiga udi alilieleza jambo hilo mwanzoni, na ukumbi ukaelewa. Aliyechelewa hakusikia maelezo. Basi mtu mmoja aliyechelewa, kule nyuma gizani, akaona wimbo umekwisha, akapiga makofi. Alipiga peke yake, kwa nguvu zake zote.

Mtu huyo alikuwa kinyozi. Ukumbi ulipoangua kicheko, na kabla shingo hazijamaliza kugeuka, alikuwa amekwisha kutoka nje, mlango ukijifunga nyuma yake.

Hakuwa mtu wa kuchekwa. Wateja walimwita Mheshimiwa, na hakuwahi kuwauliza kama ni heshima au ni utani. Alikuwa na la kusema juu ya mpira, dawa za meno, bei ya saruji na ndoa za watu. Muziki wa mkewe nao alikuwa ameutolea hukumu tangu zamani: ni muziki wa makumbusho, alisema, unahitaji kupanguswa vumbi. Mtu wa maneno kama hayo hawezi kuonekana amepiga makofi mahali pasipo pake. Heri aonekane hakuwepo.

Kwa hiyo mkewe alipomwuliza, "Wimbo wangu umeusikia?" alikuwa na jibu tayari.

"Nilikuja, mke wangu, nikasimama nyuma. Ila nikaitwa. Kuna bwana harusi kaharibiwa kichwa na kinyozi mwingine, wakanifuata mbio. Huo wimbo wako nimeukosa kidogo tu."

"Kidogo tu," mkewe akasema.

Aliifuta filimbi, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka juu ya kabati, kwenye masanduku yasiyofunguliwa. Siku iliyofuata alimpigia simu mama mpiga udi, akamwambia atafute mtu mwingine. Naye mama mpiga udi hakuwa mtu wa kumung'unya maneno; akampigia kinyozi.

"Baba, huko nyumbani kwako kuna nini? Mwenzako anasema kama mtu wa nyumbani mwake hawezi kusubiri wimbo mmoja, basi hana wa kumpulizia. Sema naye. Jumamosi tuna tamasha jingine na sina filimbi."

"Nitasema naye, mama," kinyozi alimjibu.

Hakusema naye. Akisema kweli, angekuwa kichekesho cha mtaa. Asiposema, angekuwa mume aliyemwacha mkewe jukwaani akaenda kunyoa. Alikaa kimya, akidhani kukaa kimya si kuchagua.

Na sasa ukumbi ule ulikuwa umemfuata mpaka dukani.

"Mheshimiwa, unaninyoa au unanipapasa?" fundi mitambo aliuliza.

"Tulia. Una kichwa kibaya."

"Mama yangu anakipenda."

Nyimbo zikaendelea. Kinyozi alikaza macho kwenye kisogo kilichokuwa mbele yake, akajitia hamnazo. Lakini duka lilikuwa dogo na spika ilikuwa nzuri. Aliinunua mwenyewe na kujisifia nayo. Akasikia vitu ambavyo Jumamosi, akiwa amebanwa nyuma ya nguzo, havikumfikia: kucha za mama mpiga udi zikigusa mti wa udi, mtu wa fidla akivuta pumzi kabla ya kuvuta upinde, na watu wa mstari wa mbele wakigonga sakafu kwa visigino, kwanza kwa aibu, kisha bila aibu. Kulikuwa na wimbo wa askari anayerudi nyumbani na kukuta mbwa wake amemsahau. Kulikuwa na mchezo wa mapigo matatu ambao tari iliurusha juu kama mtu anayepepeta. Fundi viatu alikuwa amesahau kiatu. Alikishika kwa kamba, nacho kikawa kikining'inia na kuyumba kwa mapigo yaleyale.

"Huu muziki," alisema, "unanifanya nijione nina farasi."

"Farasi utampa nini? Gundi?" fundi mitambo alimjibu.

Ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia mke wa kinyozi. Kila wiki siku kama hii alikuja kuchukua mataulo ya kufua. Alisikia kinachopigwa, akasita kizingitini, halafu akaingia kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyemjua.

"Shemeji, karibu!" fundi viatu alipiga kelele. "Tuko nawe hapa tunakusikiliza."

"Asanteni. Nimefuata mataulo."

"Dada, umekuja wakati wake," fundi mitambo alisema. Alitaka kugeuka, kinyozi akamrudisha kichwa. "Nina swali la kikazi. Rekodi hii inatoka mwezi ujao. Yale makofi ya yule bwana, nikate? Kukata naweza, lakini na ule ukimya utakatika. Itabidi niunganishe, na mwenye masikio atasikia kiraka."

"Kata unachotaka. Mimi si mpuliza filimbi tena."

Fundi viatu alikiacha kiatu kikatulia. "Toka lini, shemeji?"

"Toka nilipogundua kuna vichwa vya watu vinavyohitaji kunyolewa."

Akafungua kapu, akaanza kutoa taulo moja moja na kuyakung'uta. Kinyozi alizima mashine. Hakumtazama. Kazi ya mashine ilikuwa imekwisha na sasa hapakuwa na mvumo wa kujificha ndani yake. Akachukua kopo la poda, akajimiminia kiganjani, akatafuta brashi ambayo ilikuwa mbele ya macho yake.

Wimbo wa mwisho ukaanza.

Ulianza na filimbi peke yake, chini kabisa, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba ambayo wengine wamelala. Ilipita chumba hadi chumba, ikagusa hiki na kile, ikarudi. Udi ukaamka, ukaifuata. Kisha fidla. Mke wa kinyozi alikuwa na mataulo mkononi, akabaki nayo. Mtu hawezi kuupita wimbo alioutunga mwenyewe kama anavyopita duka la jirani. Midomo yake ilibana kidogo kila filimbi ilipopanda.

Kinyozi alikuwa ameapa moyoni kwamba atatazama kioo, ahesabu chupa za mafuta, afikirie saruji. Alifika chupa ya tatu. Tari iliingia, na wimbo ukaacha kutembea, ukaanza kucheza. Ulizunguka mara ya kwanza, ukazunguka mara ya pili ukiwa mkubwa zaidi, na kila ulipozunguka filimbi ilikuwa juu yake ikicheza kwa raha zake, haina habari na mtu. Kisigino cha kinyozi kikagonga sakafu. Bega likafuata. Uso wake kwenye kioo ulikuwa umefunguka kama wa mtu anayesomewa habari njema, na yeye hakuuona, kwa kuwa macho alikuwa ameyafumba. Mzunguko ukaja wa tatu, vyombo vyote vikapanda pamoja, vikafika, vikakoma.

Makofi yakalia.

Yalilia kwenye spika, na wakati huohuo yakalia ndani ya duka, kofi kwa kofi, kama mtu na kivuli chake. Poda ikafumka kutoka viganjani mwa kinyozi, wingu jeupe, ikapanda mpaka kwenye taa, ikamshukia fundi mitambo kichwani na mabegani.

Kinyozi akafumbua macho. Mikono yake ilikuwa bado imekutana.

Ukumbi ukacheka ndani ya spika. Dukani hakuna aliyecheka kwanza. Karibu kabisa na maiki, chini ya kicheko cha ukumbi, kikasikika kicheko kidogo cha mwanamke, kikaingia moja kwa moja kwenye filimbi, na mzunguko wa mwisho ukaondoka na kicheko hicho ndani yake. Ulikuwa mwepesi na wa haraka kuliko yote iliyotangulia. Wote wanne waliusikiliza hadi mwisho. Makofi ya ukumbi yalipoanza, yale ya kweli, fundi mitambo alinyoosha mkono mweupe, akazima redio.

"Kumbe Bwana Makofi," fundi viatu alisema polepole, "ndiye anayetunyoa."

"Funga mdomo," kinyozi alimwambia.

"Nifunge nini, Mheshimiwa? Wewe umeshindwa kufunga mikono."

Hapo ndipo kicheko kilipowashinda. Fundi viatu alicheka mpaka akaegemea ukuta, na fundi mitambo akicheka alipiga chafya, na kila chafya ilipandisha wingu jingine. Kinyozi alijipangusa viganja kwenye suruali. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, nayo yake ilikuwa imeishia hapo katikati ya duka lake mwenyewe.

Mkewe hakuwa anacheka. Aliyaweka mataulo juu ya benchi.

"Ulikuwepo," alisema.

"Nilidhani umekwisha."

"Jumamosi, sawa. Na leo?"

"Na leo pia."

"Mtu hawezi kudhani hivyo mara mbili."

"Mimi nimeweza."

"Na bwana harusi?"

"Hakuna bwana harusi."

"Nimemwonea huruma wiki nzima, mtoto wa watu, kaenda kuoa na kichwa kibovu." Akavuta pumzi. "Ulikimbia."

"Walinicheka."

"Hata mimi nilicheka. Nilisema moyoni, angalau kuna mmoja huko nyuma amesahau yuko wapi. Nikaumalizia wimbo kwa ajili yake. Nimerudi nyumbani nikamkuta anazungumza habari za bwana harusi."

Kinyozi alichukua kopo la poda, akalifunga kifuniko.

"Samahanini," fundi mitambo aliingilia, kichwa cheupe kama cha babu. "Nikate au nisikate?"

"Muulize mwenye makofi," mke wa kinyozi alisema.

Hata fundi viatu alijua kwamba rekodi ikishatoka hairudi. Itapigwa madukani na majumbani, na kila aliyepo mtaani atajua mikono ile ni ya nani, kwa kuwa yeye mwenyewe, fundi viatu, hakuwa na nia ya kuficha. Kinyozi alikitazama kioo. Poda ilikuwa imemkaa kwenye nyusi. Akapangusa moja, akaiacha nyingine.

"Usikate," alisema.

"Una hakika, Mheshimiwa?"

"Nimesema usikate. Kiraka kitauharibu wimbo."

Mkewe aliyachukua mataulo, akayapanga kwenye mkono, akayapanga upya ingawa yalikuwa yamepangika. Alikwenda hadi mlangoni, akasimama.

"Mama mpiga udi hajapata mtu," alisema bila kugeuka. "Nikishusha filimbi, nataka kujua naishushia nani. Usinipe maneno ya dukani."

Kinyozi alikizunguka kiti, akampita fundi viatu na kiatu chake, akasimama mbele ya mkewe, mbele ya watu wote wawili waliokuwa wakimcheka.

"Jumamosi nitafunga mapema, nije kabla mama mpiga udi hajaanza maelezo," alisema. "Nikikosea tena, nitakosea na taa zikiwaka. Wacheke watakavyo, mke wangu, sitoki mle ndani mpaka tutoke wote wawili."