Ndimi Mbili za Hemanti

Hemanti Tanti hakuomba kuwa mkalimani. Alichoomba, tangu mwanawe mdogo Kanhu apotee siku ile Wabodo na Waoriya walipokatana mapanga, ni maiti tu. Wiki sita sasa. Kwao Waoriya maiti huchomwa, na isipochomwa hakuna matanga ya siku ya kumi, hakuna kunyoa, hakuna kuoga msiba. Mke wa marehemu anabaki hapo katikati, si mke si mjane, mpaka miaka kumi na miwili ipite. Mkwewe Purnami, mke wa Kanhu, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Piga hesabu mwenyewe.

Serikali ikawaita Wabodo wa ng'ambo ya mfereji na Waoriya wachuma chai wa upande huu kwenye ukumbi wa shule, wapatane. Masharti yalikuwa rahisi kuyasema: kila upande utaje waliopotea, anayejua walipo aseme, na asiulize mtu nani aliua. Kisha wote watatafuna tambuu na popoo kutoka sinia moja, na watu watoke kwenye kambi ya wakimbizi warudi makwao. Kila mmoja ataongea lugha yake, Hemanti atakaa katikati.

Kwa nini yeye? Kwa sababu wengine wote walikuwa wavivu, basi. Vizazi vitatu wamechota maji mfereji mmoja na hakuna aliyejisumbua kujifunza lugha ya mwenzake. Baba yake Hemanti alichunga ng'ombe wa Wabodo, na Hemanti akakulia kwenye nyua zao. Wenzake shambani walimcheka, wakamwita ndumilakuwili, wakasema Kibodo ni lugha ya kupasulia kuni. Na kweli Kioriya hakipendi kufunga mdomo: maji ni pani, nyumba ni ghara, wali ni bhata, kila neno linaacha mlango wazi. Kibodo kinakata. Maji dwi, nyumba no, moto or, imekwisha hiyo. Na sauti lazima ujue kuipandisha na kuishusha, la sivyo watakucheka mpaka jioni.

Lakini kilichomvutia Hemanti tangu utotoni ni hesabu zao. Mbodo akihesabu mtu mmoja husema sase, akihesabu mnyama mmoja husema mase, na huwezi kuficha unahesabu nini. Baada ya mauaji, kwenye foleni ya mchele wa msaada, aliwasikia vijana wawili wa Kibodo wakihesabu Waoriya waliokufa. Walihesabu kwa hesabu ya ng'ombe. Hakumwambia mtu. Alipokea mchele wake akarudi kambini.

Asubuhi ya mkutano, mwanawe mkubwa Ghasiram alimletea chai, jambo ambalo si kawaida yake. Akachuchumaa karibu naye.

"Mama, leo tafsiri vizuri. Mimi nataka kujua nyumba tu."

"Si umeapa hutauliza muuaji?"

"Nani kasema muuaji? Nyumba. Atakapopatikana Kanhu, nyumba iliyo karibu ndiyo italipa. Tumeshaelewana na wenzangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Hemanti aliinywa ile chai kwa sababu mikono yake ilihitaji kushika kitu. Huyu naye ni yeye aliyemzaa, kwa uchungu uleule.

Ukumbini mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Mbodo mmoja alitaja kisima, mchuma chai mmoja akataja shimo la mbolea, na Hemanti akabeba maneno huku na huku, neno kwa neno, bila kupunguza. Watu walilia, lakini walikaa. Zamu yake ilipofika akamtaja Kanhu mwenyewe, kwa lugha zote mbili: mrefu, shati la kijani, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimeliwa na mashine ya kiwandani.

Nyuma kabisa akasimama bibi mmoja, Rwimali Mushahary, mjane anayeishi na wajukuu watatu tu. Aliongea kwa Kibodo taratibu, macho sakafuni. Alimkuta kijana huyo alfajiri kwenye mianzi nyuma ya ghala lake. Alikuwa ameshakufa. Wanaume walitaka kumtupa mtoni, yeye akakataa, akamfunga kwa nguo aliyoifuma mwenyewe, akamzika hapohapo kwa jembe lake. Alisema sase. Mtu mmoja, alisema, nilimzika mtu mmoja.

Kanhu amekufa, na amepatikana, na aliyemsitiri ni huyu. Hemanti alitaka kupiga yowe, alitaka kwenda kumwangukia yule bibi miguuni. Lakini nyuma ya shingo yake alimsikia Ghasiram akisogea mbele kwenye benchi kusubiri tafsiri, na akawaza wale wajukuu watatu.

Mungu amsamehe. Aliwageukia watu wake, akasema kwa Kioriya, "Anasema hajui lolote. Anatupa pole tu."

Purnami, aliyekuwa ameketi na wanawake, akainamisha kichwa. Miaka kumi na miwili, Hemanti ndiye aliyempa, kwa kinywa chake mwenyewe. Karani wa serikali akaandika kitu, akaashiria sinia lipitishwe.

Ila Rwimali hakuketi. Alimtazama Hemanti kwa huruma nyingi, huruma ya mzazi kwa mzazi. Nani alikumbuka kuwa bibi huyu aliuza samaki wakavu kwenye soko la wachuma chai kwa miaka thelathini? Watu hudhani mwenye ndimi mbili ni mmoja tu kijijini. Rwimali alielewa kuwa tafsiri ile si maneno yake, akaona msiba umemchanganya mwenzake, akaona ni wajibu wake kumsaidia. Akaanza kwa Kioriya cha sokoni, kilichovunjikavunjika lakini kinachosikika hadi mlangoni.

"Hapana, dada. Si hivyo. Mtoto wako kwangu. Mimi zika vizuri. Njoo chukua."

"Nyamaza!" Hemanti alimpigia kelele kwa Kibodo. "Keti chini, nakuomba, keti!"

Rwimali akamfanyia ishara ya kumtuliza, kama unavyomtuliza mfiwa anayepayuka. Purnami alikuwa tayari analia kwa sauti, wanawake wamemshika. Hemanti alinyoosha mkono nyuma amshike Ghasiram nguo, akakuta benchi tupu. Ghasiram alikuwa amekwisha kufika katikati ya ukumbi. Alikunja viganja mbele ya kifua kwa adabu, akainama.

"Ahsante, bibi," alisema polepole, ili aeleweke. "Nyumba ipi?"

Bibi alifurahi kueleweka. Akaenda hadi dirishani, akamwonyesha nyumba yake kwa kidole.