Jicho la Mama Mkwe

Mtaani kwetu Rasbura naitwa daktari, na sijawahi kumkatalia mtu. Ukweli ni kwamba mimi ni fundi wa kumsaidia daktari wa macho. Natia dawa, napima, nashika tochi, nakabidhi vibano wakati wa upasuaji, na nikiulizwa swali gumu natazama mlangoni kuona kama daktari mwenyewe anakuja. Lakini koti jeupe ninalo, na kutembea nalo najua.

Basi mwaka huu kambi yetu ya macho ikapigwa Kilwa, na mke wangu Nusaiba akamleta mama yake, Bi Kidawa, kutoka Mitole. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, mpaka akawa anapapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoishi tangu aolewe. Likiharibika hilo, hana jingine.

Nilikuwa nimejigamba vya kutosha. "Mlete mama, mimi nipo," nilimwambia Nusaiba. Nilisahau jambo moja dogo: kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Miaka yote ya ndoa yangu nimemsalimia mama huyu nikiwa nyuma ya mlango. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Tunaishia hapo, na tunapendana sana. Nikimwona anakuja njiani, naingia kwenye mikorosho. Hata macho yake yalipofifia niliendelea kumkimbia kwa heshima, ingawa yeye hakuwa na habari kwamba kuna mtu anakimbia.

Sasa sikia kazi yenyewe. Kabla ya upasuaji lazima jicho lipimwe, ili daktari ajue aweke ndani yake kioo cha namba gani. Namba ikikosewa, mgonjwa anatoka kwenye ukungu mmoja na kuingia mwingine. Na kupima ni kukaa uso kwa uso: unatia ganzi, unafungua kope kwa vidole, unagusisha kalamu ya mashine kwenye jicho, naye mgonjwa anakutazama wewe. Bakary, mwenzangu pekee aliyeijua mashine ile, alikuwa ametumwa vijijini.

Nikajiambia, fundi ni fundi. Nikamwomba Nusaiba ashike kope, nami nikageuza uso ukutani, palipobandikwa tangazo la vyandarua, nikapeleka kalamu kwa kukisia. Mama naye, aliposikia sauti yangu imekaribia, akageuza shingo upande wa pili. Mtu angetuona angedhani tumegombana. Mashine ikalia, ikatoa namba, nikaziandika kwa mwandiko mzuri na kumpelekea Daktari Yustina, mpasuaji wetu.

Akazisoma, kisha akanitazama. "Mudathiri, hili ni jicho la ng'ombe."

"Ni la mama mkwe wangu, daktari."

"Basi nenda ukampime tena. Ukishindwa, namrudisha nyumbani kama alivyokuja. Siweki kioo kwa kubahatisha, na kesho tunaondoka."

Nilirudi kwenye mashine. Nusaiba alikuwa anamtengenezea mama yake khanga begani, na mama anamuuliza, taratibu, kama msimu wa korosho utamkuta anaona. Hapo nikajichukia. Mwanamke huyu anatafuta mwanga, na mimi nahangaika na aibu yangu.

"Mama, niwie radhi," nikasema. "Inabidi unitazame."

"Nikutazame wewe?" Akashtuka. "Nusaiba, mumeo yu mzima kweli?"

"Humu ndani mimi si mkwe, mama. Ni fundi tu."

"Na tukitoka humu, utarudi kuwa mkwe?"

"Nitarudi, mama."

"Haya. Bismillahi."

Akageuka. Nikamfungua kope kwa vidole vyangu mwenyewe. Sikuwa nimewahi kuuona uso wake kwa karibu. Ana kidoti chini ya jicho, palepale Nusaiba alipo na chake. Nilimpenda mama huyu pale pale, mpaka machozi yakanilenga, na fundi anayelia haoni mashine, ikabidi mke wangu anifute kwa pembe ya khanga. Nikapima, nikarudia, nikarudia tena, hadi namba zikakubaliana. Daktari Yustina akazisoma, na safari hii hakutaja mnyama yeyote.

Upasuaji sitausimulia kwa kirefu, kwa sababu mchango wangu ulikuwa kudondosha kibano sakafuni na kuambiwa nilete kingine. Ushujaa wote ulikuwa wa mama, aliyelala chini ya kitambaa cha kijani bila kutikisika.

Asubuhi tukafungua bandeji. Kazi hiyo nayo ni yangu. Nikaibandua, nikasafisha kope, nikainama mbele yake kusubiri, nimesahau kila kitu duniani isipokuwa jicho lile. Daktari Yustina akasimama pembeni yangu, akainua vidole.

"Vingapi, mama?"

Bi Kidawa alipepesa, akapepesa tena. Kisha akanitazama mimi, usoni kabisa, bila jicho kuyumba. Akapiga ukelele, akajifunika khanga uso mzima na kugeukia ukutani.

"Mama, nimeuliza, vidole vingapi?" Daktari alikuwa ameanza kuingiwa na wasiwasi.

"Vitatu!" ikajibu khanga. "Jamani, mtoeni mkwe wangu mbele yangu!"

Nilitoka mbio, nikaipiga teke ndoo ya mfanya usafi, maji yakatapakaa barazani. Nikasimama nje juani, nalia na kucheka kwa pamoja, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuulizana kama huyu ndiye atakayewapima macho.