Aliyepiga Matuta ya Leipakoa

Nianze na aibu yangu. Kikundi chetu cha kilimo hapa kisiwani Tongoa kilipotangaza kwamba kila mtu atapata shamba, wajane wakiwemo, mimi Leiwia, katibu, ndiye niliyempa Leipakoa kile kipande cha mgongoni mwa mlima, penye mawe na kaburi la mumewe Kalmet. Nikakubali na sharti la shemeji yake, Kaltang: asipomaliza matuta mia ya viazi vikuu kabla ya mvua, kipande kinarudi kwa Kaltang, na Leipakoa na binti yake warudi kwao, kisiwa cha Emae.

Goti la Leipakoa bovu. Wiki ya kwanza alipiga matuta tisa. Wiki ya pili akanijia.

"Dada, yamefika arobaini."

"Sasa ndio umekuja kuniringia?"

"Sikuyapiga mimi."

Kwetu anayepiga tuta ndiye mwenye kiazi. Yalipofika themanini na nne tukasema huyo ni Kaltang, anataka kumpora shamba kijanja. Leipakoa akasimika jani la namele kwenye njia ya kuingilia. Lilipo namele hapiti mtu, na aliyelisimika hawezi kuling'oa bila kuchinja nguruwe.

Matuta yakakoma palepale.

Asubuhi ya mwisho mimi na Leipakoa tulipanda mlima pamoja, ukungu umetanda. Nje ya mpaka udongo ulikuwa umekanyagwa pande zote. Nyayo zilizunguka shamba, zikafika kwenye namele, zikageuka, zikazunguka tena. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Kalmet alikikata chake kwa shoka, na mimi ndiye niliyemfunga kidonda.

Leipakoa akakaa chini. "Nimemfungia mlango mume wangu."

Niliogopa. Lakini nilikuwa na nguruwe mmoja, wa harusi ya mwanangu, nikashuka kumleta. Leipakoa akamchinja, akaling'oa lile jani.

Hapo Kaltang akatokea. "Kumi na sita bado. Shemeji, funga mizigo."

Tup. Tup. Mtu alikuwa anachimba ndani ya ukungu.

"Mmemleta nani?" Kaltang akacheka, akaingia shambani. Hakurudi.

Tulimkuta amesimama mbele ya tuta bichi, macho kwenye unyayo uliokuwa bado unajaa maji. Tup, ikasikika pembeni yake, udongo ukaruka, na hapakuwa na mtu.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo, "nimesikia. Basi, nimesikia."

Akaokota jembe. Nasi tukachimba kando yake, hakuna aliyeinua kichwa. Mvua ilipoanza, matuta yalikuwa mia. Sisi watatu tulikuwa tumepiga kumi.

Nyumbani kwangu, wao wawili wakiwa kando yangu, nikafungua daftari la kikundi, nikaandika jina la Leipakoa kama mwenye shamba. Kaltang alinipokonya kalamu, akaandika chini yake: na Kalmet.