Nne Imekosa Nini

Jana usiku, nimelala chali kama samaki anayengoja kukaangwa, niliota niko darasa la tano nafundisha kukadiria namba kwa makumi. Kanuni yenyewe nyepesi: tano na kuendelea inapanda kuwa kumi, nne na kurudi chini inakuwa sifuri.

Asumini, mtoto ambaye maswali yake hunitamanisha kustaafu, ananyoosha kidole.

"Mwalimu, nne imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Ndiyo kanuni."

"Kama haijakosa, mbona inafanywa sifuri?"

"Asumini, kaa chini."

Anakaa, na darasa zima linakaa naye, kuta na paa. Linapoinuka tena limekuwa nyumba yangu, nami niko sebuleni nimevaa taulo. Mlangoni amesimama rula, yule wa mbao wa kuchorea ubaoni, na kofia kichwani.

"Hodi. Leo tunakadiria kaya kwa makumi. Mko wangapi?"

"Wanne. Mimi, mke wangu Somoe na watoto wawili."

"Poleni," anasema rula, na kutoa kifutio mfukoni. "Mnakuwa sifuri."

Kifutio kinapiga miayo. "Naanza na wadogo. Hawana mengi ya kufuta."

Kinamwendea Nasma, binti yangu mdogo. Vidole vyake vya miguu vinatoweka, naye anacheka. "Baba, kinanitekenya."

"Ngojeni kwanza," nasema. "Nne imekosa nini?"

"Haijakosa kitu," anajibu rula. "Ndiyo kanuni."

Somoe anatokea jikoni na mwiko mkononi. "Baba Nasma, si wewe mwalimu wa hesabu? Mjibu basi. Au ukali wako ni kwa watoto wa watu tu?"

Kanuni naijua usingizini, na usingizini ndiko niliko, ila sababu yake sikuwahi kuulizwa na mtu mwenye kifutio.

Hapo anaingia shemeji yangu Mfaume, kaka yake Somoe, na sahani tupu. "Jamani, mchuzi umebaki?"

Rula anamlalia mgongoni, anampima toka kisogoni hadi kisiginoni. "Huyu anakula hapa, halali hapa. Nusu."

"Nusu mimi?" anauliza Mfaume. "Basi nipeni nusu sahani."

"Sasa tuko wanne na nusu," namwambia rula.

"Haijafika tano. Sifuri."

Nasma amefutika mpaka magotini, anaelea kama puto. Naona Asumini amekaa dirishani na dawati lake.

"Mwalimu, fanya lile kosa langu."

Nalijua. Alipewa nne na nusu aikadirie kwa makumi. Akaipandisha kwanza kuwa tano, kisha ile tano akaipandisha kuwa kumi. Nilimwekea kosa kwa wino mwekundu, nikaliambia darasa: hakuna kukadiria mara mbili, mtazua watu wasiokuwepo.

Nabana taulo vizuri. "Bwana rula, nne na nusu, ikadirie kwa mamoja."

"Tano. Ndiyo kanuni."

"Hiyo tano, ikadirie kwa makumi."

Rula anajikuna kwenye sentimita ya thelathini. "Kumi," anasema polepole. "Lakini mwalimu, hapa mbona kama..."

"Ndiyo kanuni," nasema. "Kaa chini."

Rula hana magoti, lakini anakaa. Kifutio kinarudi mfukoni kikinung'unika kwamba siku hizi walimu hawaaminiki. Miguu ya Nasma inachomoza, mmoja mmoja, kama mihogo inayong'olewa.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, Somoe akikoroma pembeni, watoto kimya chumbani kwao. Nikapita kuchungulia: Nasma kalala, miguu yote miwili iko juu ya kaka yake.

Nikaenda bombani kupiga mswaki. Kwenye kopo letu kulikuwa na miswaki kumi. Nikaigusa mmoja mmoja, yote imelowa, na wangu umo.

Nami nilikuwa sijapiga bado.