Akidi ya Kidonda

Mama alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo usiopumzika, na kidonda mguuni ambacho kisukari hakikukiacha kipone. Binti yake, aliyeshinda maabara akichunguza bakteria, ndiye aliyemwosha kila jioni, na kwa ujira wake alitaniwa.

"Hakiumi, hakinuki. Unakisugulia nini, Bi Darubini?"

"Bakteria wananyamaza kwa sababu bado wachache, mama." Akaeleza kwamba kila bakteria hutoa kemikali kidogo, ya kuitana. Wakiwa wachache, mwito ni hafifu na jeni zao za sumu hulala. Wakijaa, mwito unakolea, jeni zinaamka, wote wanashambulia kwa pamoja.

"Kumbe nao wana vikao!"

"Ndiyo. Nikikuosha, akidi haitimii."

Mama alicheka mpaka sindano ikamponyoka.

Kisha kazi ikazidi maabara. Binti akawa anarudi hoi, na mama anamwonyesha mguu uliokwishafungwa bandeji nyeupe. "Nimejiosha mwenyewe. Kale, ulale." Naye, Mungu amsamehe, alishukuru.

Jioni moja aliingia, mama akasema tu, "Karibu, mwanangu."

Bila utani, bila jina. Binti alisimama na mkoba begani. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Alipiga magoti, akafungua bandeji safi, na chini yake akakuta ile ya siku nyingi, imegandamana na kidonda. Harufu ikampanda puani. Mguu ulikuwa wa moto hadi kifundoni.

"Mama! Ulisema umeosha."

"Ulikuwa unasinzia na kijiko mkononi. Ningekuamshaje?"

Alitaka kugomba, akajizuia. Akamkimbiza hospitali.

Daktari alikata nyama iliyooza, akatundika dripu, akasema wasubiri kujua kama mguu utabaki. Walisubiri. Asubuhi daktari alipoubonyeza mguu na kusema utabaki, muuguzi alileta maji ya kuoshea, na mama akauma kanga yake ili asilie. Binti aliichomoa taratibu.

"Piga kelele, mama. Ukininyamazia, nitajuaje?"

Mama akapiga kelele, wodi nzima ikageuka. Alipomaliza alifungua jicho moja, akamtazama binti yake aliyelowa mashavu.

"Haya, Bi Machozi. Akidi imetimia?"

"Haitatimia tena, mama," alisema, akambusu gotini.