Kamera ya Pili

Mjukuu wangu Eva alisomea upigaji wa picha za video mjini Ruangwa kwa miezi minane, na naweza kusema bila kuona haya kwamba hakuna mtu aliyekuwa anabeba stendi ya kamera vizuri kama yeye. Aliibeba begani, aliibeba kwapani, na siku moja nilimwona ameiweka kichwani kama mzigo wa kuni, mkono mmoja umeshika taa na mwingine begi la betri. Mwalimu wake, Eustakio, alikuwa anatembea mbele. Yeye alikuwa amebeba mawazo.

Eustakio hapendi kuitwa fundi. Anaitwa dairekta. Amezaliwa Ruangwa, amekulia Dar es Salaam, na amerudi na kofia anayoivaa kinyume, kwa hiyo kisogo chake hakipigwi jua hata kidogo. Masomo yake yalikuwa ya juu sana. Mwezi wa kwanza alimfundisha Eva kwamba kupiga picha ni kuandika kwa mwanga. Mwezi wa pili akamfundisha hivyo hivyo tena, mwanafunzi asije akasahau. Kamera yenyewe Eva alikuwa anaifuta vumbi.

"Utaishika lini?" nilimwuliza.

"Dairekta anasema nikiiva, Bibi."

"Anakupikia moto gani huo, miezi minane hujaiva?"

Akacheka, lakini cheko fupi.

Nisimwonee mwalimu wa watu. Kwenye shughuli wapiga picha husahauliwa chakula, na Eustakio hakuwahi kula kabla Eva hajapata sahani. Alikuwa anaingia jikoni mwenyewe, na kofia yake ile, anawaambia wapishi, "Binti yangu hajala." Kwa hilo nilimsamehe mengi, ingawa si yote. Tena, Eva alipomwomba kamera ndogo ya zamani iliyokuwa imetupwa kwenye boksi, kioo cha nyuma kimepasuka, alimwachia.

Kwa kamera hiyo Eva alijifundisha akija kwangu Marambo. Alinipiga nikichambua kunde asubuhi nzima. Aliniambia jua likiwa nyuma yangu uso unakuwa mweusi kama sufuria, akanihamisha na mkeka wangu mara nne. Kunde zikachelewa kuiva siku ile. Jioni akanionyesha mikono yangu. Hiyo mikono ninayo zaidi ya miaka sabini, na nilikuwa sijawahi kuitazama.

Baba yake, mwanangu Severini, hakuwa na subira. Alisema ufuta ukishauzwa, kama Eva bado hajakabidhiwa kamera hata siku moja, atamrudisha nyumbani akakae kwenye duka la mbegu na dawa pale Nachingwea. "Kubeba mizigo hata punda hasomei," alisema. Eva alilia usiku huo kwa sauti ndogo ili nisisikie. Nilisikia.

Likizo ya Juni ikafika, na ufuta ulikuwa umeshaanza kwenda ghalani. Rafiki yangu Sabaha wa Mkotokuyana alikuwa na mtoto jandoni, Rashidy, na mumewe Isihaka alitaka video ya siku ya kutoka, ndugu wa Lindi na Dar nao waone. Akamwita Eustakio. Nami nikaalikwa.

Watoto wanatoka likumbini, yaani kambi ya porini ambako mwanamke haendi na kamera haiingii. Wanapandishwa mabegani, wamefunikwa kanga, miavuli juu, wanaletwa nyumbani kwa ngoma. Mwaka huu walikuwa watano, wote mashati meupe, suruali nyeusi na viatu vipya vya aina moja, maana mama zao walikwenda dukani pamoja. Ukitaka kujua yupi ni wa nani, humwangalii mtoto. Unamwangalia aliyembeba. Mtoto anabebwa na mjomba wake, kaka wa mama. Baba yuko huru, acheze, asalimie, ajisifu. Hili hata kuku wa Mkotokuyana wanalijua.

Isihaka, ndani ya suti ya buluu, aliamua kucheza mbele kabisa, karibu na ngoma na mtoto wa kwanza. Eustakio akamfuata yeye.

"Mwalimu," nikamwambia, "mtoto wa hapa ni yule wa tatu, yuko kwa Harithi. Harithi ndiye kaka yake Sabaha."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Yule wa tatu."

"Bibi, video ina mhusika mkuu. Mhusika mkuu ni baba, na mtoto yuko na baba yake. Sasa naomba usogee, umeingia kwenye picha yangu."

Nikasogea.

"Dairekta," Eva akasema, "Bibi anasema kweli."

"Eva. Taa."

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Eva akanitazama, akatazama msafara, akanipa taa. "Nishikie, Bibi." Akachomoa ile kamera iliyopasuka kioo na kukimbia. Basi nikabaki pale na taa yangu, nalisaidia jua kuangaza Mkotokuyana.

Harithi ni mtu mzima na goti lake moja bovu. Eva alikwenda mbele yake kinyumenyume, viwiko amevibana mbavuni, jicho kwenye kamera. Harithi angeweza kumpita. Badala yake alipunguza mwendo, na uzito wote ule shingoni, akawa anamwongoza polepole: "Binti, kuna shimo nyuma yako. Pita kushoto. Bado. Haya, twende." Alimwongoza hivyo mpaka uani.

Mikeka ilikuwa imetandikwa. Harithi akamshusha mtoto, akapiga magoti kwa shida, na kumfuta vumbi la viatu kwa mkono wa shati lake mwenyewe. Ndipo kanga ikaondolewa. Sabaha alikuwa hajamwona mwanawe kwa wiki tatu. Eva alisimama mbali kidogo, hakusogea tena.

Upande wa pili Eustakio alikuwa amelala kifudifudi mchangani, anapiga viatu vya mtoto wa kwanza. Viatu vina maana kubwa, alinieleza baadaye.

Wiki iliyofuata tukaitwa kwa Isihaka kuitazama video. Severini alikuja na pikipiki yake. Ufuta ulikuwa umeuzwa, na alikuwa amekuja kumchukua binti yake. Vitu vya Eva vilikuwa tayari kwenye mfuko, nje, juu ya pikipiki.

Eustakio akasimama mbele ya runinga na kutoa hotuba ndefu kuhusu mwanga. Kisha akawasha. Tukamwona Isihaka anacheza. Tukamwona sana. Halafu akaja mtoto, kanga, mwavuli, viatu, viatu tena, na mwisho uso wenyewe, mkubwa, umejaa runinga nzima.

Rashidy, aliyekuwa sakafuni na andazi lake, akafurahi. "Mama, yule Twaha!"

Twaha akatabasamu kwenye runinga dakika nyingi.

"Fundi," Sabaha akasema kwa upole, "wangu yuko wapi?"

"Mama, hii kitaalamu tunaita ishara. Mtoto mmoja anawakilisha watoto wote."

"Sawa," Isihaka akasema. "Basi nenda kwa baba yake Twaha akulipe, naye aniwakilishe mimi."

Mimi nilicheka kabla sijajizuia. Severini hakucheka. Aliinuka, akaokota kofia yake ya pikipiki. "Eva, twende."

"Ngoja kidogo, baba," Eva akasema. "Kuna nyingine."

Akaenda kwenye kompyuta, akachomeka kadi yake ndogo. Harithi akatokea, anameta kwa jasho, anakuja taratibu na mwavuli unayumba juu yake. Chini ya kanga kilionekana kidole kimoja tu cha mtoto kimeshika sikio la mjomba. Sote tulikuwepo siku ile, na hakuna aliyekiona kile kidole. Halafu magoti, mkono wa shati, viatu. Halafu kanga ikaondoka, na Sabaha wa kwenye runinga akaweka mkono mdomoni. Sabaha wa sebuleni akafanya vivyo hivyo.

Eustakio akakohoa.

"Hiyo," akasema, "ni kamera ya pili. Kazi kubwa kama hizi huwa napanga kamera mbili. Eva nilimpanga upande ule."

Tukamgeukia Eva. Mimi niliyeshikishwa taa nilijua vizuri nani alimpanga nani. Neno moja tu lingetosha, na Eustakio angetoka mle bila hata kofia yake. Jasho lilikuwa limemsimama puani. Eva alimtazama kitambo, kama anavyonitazama mimi kabla hajaniambia nihamishe mkeka.

"Ni kweli," akasema. "Dairekta alinipanga. Tena amesema ile harusi ya Nachingwea, Jumamosi, nishike kamera ya kwanza, niipige yote mwenyewe. Si ndivyo, Dairekta?"

Eustakio akamtazama Isihaka, akamtazama Sabaha anayejifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ndivyo," akasema. "Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kutangaza."

"Leo ni nzuri," Isihaka akasema.

Severini alibaki amesimama, anaizungusha kofia ya pikipiki mikononi. "Hiyo Jumamosi," akamwuliza binti yake, "saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, baba."

"Nitakupeleka." Akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona anaufungua kamba ule mfuko kwenye pikipiki, anaubeba kuuleta ndani.

Sabaha akaomba video irudishwe mwanzo. Eustakio akaenda kwenye kompyuta mwenyewe. Ilipofika pale kanga inapoondolewa akaisimamisha, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anamwuliza mwanafunzi wake swali bila kuwa na jibu tayari.

"Hapa mbona hukumsogelea mama?"

"Alikuwa analia, Dairekta."

Eustakio aliiachia video iendelee, akavuta kigoda, akakaa karibu na Rashidy na kutazama.